Test yangu imewekewa sifuri, kazi ya kundi ina tuhuma, na boom la mkopo linakaribia: nianzie wapi?

Barua

Wapendwa wa safu, shikamooni.

Nasoma shahada ya kwanza kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali hapa Tanzania, nimemaliza mwaka wa pili. Matokeo ya muhula wa pili yametoka wiki iliyopita, juu yameandikwa ni ya awali. Nilikuwa na masomo matano, kila moja kredeti 12. Matatu hayana shida: B+ moja na B mbili.

La nne nina C. Nikifungua kozi weki (maksi za kazi za muhula) naona test ya pili wameniwekea sifuri, wakati niliifanya na karatasi ya mahudhurio nilisaini. Test ya kwanza nina 6.5 kati ya 15, asainimenti 7 kati ya 10, kwa hiyo kozi weki yote ni 13.5 kati ya 40. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nimepata 33 kati ya 60. Nilimfuata mwalimu, akasema alishakabidhi kila kitu, niende kwa mratibu wa mitihani. Mratibu akanirudisha kwa mwalimu. Nimezungushwa siku nne.

La tano wameandika I, yaani halijakamilika. Chanzo ni kazi ya kundi. Tulikuwa tisa, waliofanya kweli ni watatu mimi nikiwemo. Ilipopitishwa kwenye mfumo wa kukagua unakili ikatoka asilimia 61. Mwalimu ametangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba kundi zima litapelekwa kwenye kamati. Barua hatujapewa.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Msaidizi wa mhadhiri, aliyesimamia ile test, ameniandikia saa nne usiku kwamba anaweza kunitafutia maksi zangu, ila "tukaongelee nje ya chuo, njoo peke yako". Sijamjibu.

CR wetu, mwakilishi wa darasa, anasema nisiandike barua yoyote, nitajichongea, maana mwaka wa tatu mwalimu huyohuyo anatufundisha. Niwe mkweli pia: jioni nafanya kazi kwenye kibanda cha miamala ya simu, na kuna vipindi vinne au vitano vya lile somo la nne rafiki yangu alinisainia.

Nasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Hiyo I ikibaki, boom (hela ya kujikimu) la mwaka wa tatu litatoka? Nyumbani hakuna wa kunitumia hela. Nina haki gani, na nianzie wapi?

*Mwenye I, mwaka wa pili*

Jibu

Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na ule ujumbe wa saa nne usiku, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri mpaka kesho asubuhi.

Usiende. Usikae kimya pia, maana kimya chako kinaweza kuja kusimuliwa vingine. Mjibu kwa mstari mmoja wa heshima, kwa mfano: "Asante. Suala la maksi nitalifuatilia ofisini kwa mratibu wa mitihani saa za kazi, nitakuja na CR." Basi, usiongeze neno. Kama nia yake ilikuwa njema, amepata mahali pa kukusaidia. Kama haikuwa njema, ameelewa kwamba mambo haya yatafanyika mbele za watu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba yake, tarehe na saa, lakini mazungumzo yenyewe usiyafute kwenye simu: picha ya skrini hubishaniwa kirahisi kuliko ujumbe ukiwa mahali pake. Kama umewasha ule mpangilio wa ujumbe kujifuta wenyewe, uzime leo.

Akirudia, au akitaja wazi anachotaka, hapo umeshatoka kwenye kanuni za chuo umeingia kwenye sheria ya nchi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili akupe kilicho haki yako, au akupendelee, kuwa mtenda kosa. Unapiga TAKUKURU namba 113, ni bure. Ndani ya chuo, ulizia dawati la jinsia, au nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi. Ujumbe wa simu unakubalika kuwa ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba "hiyo ni WhatsApp tu". Kwa sasa, lakini, usimtangazie mtu kosa ambalo bado hajalitamka. Hifadhi, jibu kwa mstari mmoja, mweleze mtu mzima mmoja unayemwamini.

Sasa maksi. Hili la test na lile la kazi ya kundi ni mambo mawili yasiyohusiana, na kosa ambalo wanafunzi wengi hufanya ni kuyamwaga yote kwenye barua moja ndefu yenye machozi. Barua ya namna hiyo hufika mezani, anayeisoma hajui aipeleke wapi, inalala. Andika barua mbili, kila moja na jambo lake. Ule ujumbe wa simu usiutaje kwenye hata mojawapo.

Hiyo sifuri ya test si rufaa. Rufaa ni pale kazi yako imesahihishwa nawe hukubaliani na matokeo. Ina fomu yake, mara nyingi ina ada, na ina tarehe ya mwisho. Wewe unaomba rekodi irekebishwe: kuna maksi hazikuingizwa. Ukianza kwa kuandika "RUFAA" juu ya barua utapelekwa kwenye foleni isiyokuhusu, ulipie ada isiyokuhusu, na huko wakujibu kwamba hakuna kitabu cha majibu cha kusahihisha upya.

Kabla hujaandika, fanya upekuzi wako mwenyewe. Maksi hupotea kwa sababu chache zinazojirudia kila mwaka. Ya kwanza ni namba ya usajili: umegeuza tarakimu mbili kwenye karatasi ya test, maksi zikaenda kwa mtu asiyekuwepo. Ya pili ni usajili wa somo wenyewe. Ingia kwenye akaunti yako ya mfumo wa matokeo, iwe SARIS, ARIS au jina lolote chuo chenu kinalotumia, uone kama somo hilo lilithibitishwa ndani ya muda; aliyejisajili kwa kuchelewa jina lake huwa halimo kwenye orodha aliyoipakua mwalimu. Ya tatu ni somo linalochangiwa na programu mbili au tatu: mwalimu anajaza orodha ya programu moja, nyingine inabaki na matundu. Ya nne ni ile ya jedwali la kompyuta, mtu anapanga upya safu moja ya majina na kuacha safu ya maksi ilipokuwa, na darasa zima linapata maksi za majirani. Ya tano ni bahasha ya chumba kimoja kubaki kwenye droo ya msimamizi.

Hiyo ya tano inakuhusu. Waulize waliokaa nawe chumba kile siku ile: je, nao wana sifuri? Kama mko watano au kumi, hili si tatizo lako peke yako tena, ni bahasha. CR aandike orodha ya majina na namba za usajili, aipeleke mara moja kwa niaba ya wote. Hofu ya "kujichongea" itakwisha hapohapo, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweka kinyongo na orodha ya watu kumi. Na kama ni wewe peke yako, tazama tena ile sababu ya kwanza na ya pili.

Ushahidi wako mkuu ni karatasi ya mahudhurio ya test. Hiyo hukai nayo wewe, iko idarani, na ndiyo unayoomba ifunguliwe. Unachoweza kukusanya mwenyewe ni ratiba ya test, jina la chumba, majina ya waliosaini kabla na baada yako, na karatasi ya test ya kwanza iliyorudishwa, kuthibitisha namba yako ya usajili ulivyozoea kuiandika.

Na hapa ndipo kale kamchezo ka kusainiana kanapokurudia. Afisa akifungua faili la somo hilo kuhakiki saini yako ya siku ya test, ataikuta jirani na saini za mahudhurio ya vipindi. Kama nne au tano kati ya hizo zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine, saini yako ya kweli nayo inaanza kutiliwa shaka: ipi ni yake, ipi si yake? Umeidhoofisha karatasi pekee inayokutetea. Kumsainia mwenzio au kusainiwa ni kosa la udanganyifu kwenye kanuni za vyuo, na aliyekusainia naye yumo. Hatukushauri uende kujishtaki kwa jambo ambalo hujaulizwa, ila ukiulizwa, usidanganye. Sema ni vipindi vingapi na kwa nini. Ukikana, kisha ikathibitika, sifuri ya test itasahaulika na kesi itakuwa ya uongo.

Mwaka wa tatu hesabu yako iwe hivi: vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75. Somo lenye vipindi viwili kwa wiki kwa wiki 15 lina vipindi 30, kwa hiyo unatakiwa uwepo 23. Una nafasi ya kukosa saba, na saba hizo ziwe za kuugua na za msiba, si za kibanda. Ongea na mwenye kibanda zamu zako zifuate ratiba ya chuo.

Huenda ukajiambia C imepita, ya nini kuhangaika? Piga hesabu kwanza. Kozi weki 13.5 na UE 33 ni 46.5, ndiyo C. Kwenye mgawanyo uliozoeleka, 40 hadi 49 ni C, 50 hadi 59 ni B. Ulihitaji 3.5 tu kati ya 15 kwenye ile test ili ufikishe 50. Hata kama uliifanya vibaya, kuna uwezekano mkubwa C yako ni B. Ukiwa ulipata 9, unakuwa na 55.5.

Kuna jingine la kuogopesha zaidi. Baadhi ya vyuo vina kiwango cha chini cha kozi weki, mfano 16 kati ya 40, na aliye chini yake hahesabiwi kufaulu somo hata jumla yake ikiwa nzuri. Wewe una 13.5. Fungua kanuni za mitihani za chuo chako. Kama kiwango hicho kipo, basi C uliyopewa haijatulia: bodi ya mitihani ikipitia orodha inaweza kuiona na kuigeuza. Bora uende wewe na maksi zilizopotea kuliko wao waje na kanuni.

Kwenye GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, C ina pointi 2 na B ina 3. Ukihesabu masomo yako manne yenye matokeo, sasa una 3.0, ikirekebishwa inakuwa 3.25. Kwa shahada nzima ya kredeti 360, somo moja la kredeti 12 linasogeza GPA kwa 0.03 hivi. Ni kidogo, ndiyo, lakini daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na wapo vijana wanaomaliza na 3.48 kwenye vyuo vinavyokata desimali bila kukadiria.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Iandike kwa lugha ambayo ofisi za chuo chenu hutumia kwenye mawasiliano ya taaluma; umbo ni hili (K.K. ni "kupitia kwa"):

*Mkuu wa Idara ya …*
*K.K. Mratibu wa Mitihani wa Idara*
*K.K. Mwalimu wa somo*

*YAH: OMBI LA KUHAKIKIWA MAKSI ZA TEST YA PILI, SOMO … (msimbo), MUHULA WA PILI*

*Mimi ni mwanafunzi mwenye namba ya usajili …, programu ya …, mwaka wa pili. Nilifanya test ya pili ya somo tajwa tarehe …, saa …, chumba …, na nilisaini karatasi ya mahudhurio. Kwenye matokeo ya awali yaliyotangazwa tarehe …, maksi za test hiyo zinasomeka 0.*

*Naomba karatasi ya mahudhurio ya test hiyo ihakikiwe, na karatasi yangu ya majibu itafutwe na maksi zake ziingizwe. Nimeambatisha ratiba ya test, nakala ya ukurasa wa matokeo na karatasi ya test ya kwanza. Naomba pia kujulishwa kwa maandishi hatua iliyofikiwa.*

Angalia kisichomo: hakuna neno "uonevu", hakuna "mwalimu amenipotezea". Hujui ni nani aliyepoteza. Barua inayoomba uhakiki humpa mwalimu nafasi ya kurekebisha bila kujitetea, na hapo ndipo CR wenu alipokosea: kinachochonga ni maneno ya lawama, si barua.

Chapa nakala mbili. Moja inabaki kwa katibu muhtasi, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kama ofisi haina muhuri, aandike "imepokelewa", tarehe na saini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na maksi ni mali. Siku hiyohiyo tuma nakala kwa barua pepe ya chuo, ile yenye jina la chuo, si ya kwako binafsi. Jambo la "K.K." lisikusumbue: kama mwalimu anakataa kuipitisha au haonekani, peleka nakala ofisini kwake, kisha nyingine moja kwa moja kwa mkuu wa idara.

Subiri siku tano za kazi. Hakuna jibu, andika barua fupi ya ukumbusho ukiambatisha ile yenye muhuri, safari hii kwa amidi (mkuu) wa kitivo au rasi (mkuu) wa ndaki, nakala kwa mkuu wa idara. Baada ya hapo ni ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Usiruke ngazi, maana ukiruka utarudishwa chini na utakuwa umepoteza wiki.

Na wiki ndiyo kitu ambacho huna. Neno "ya awali" juu ya matokeo yako linamaanisha Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, haijayaidhinisha. Kabla ya Seneti, kurekebisha maksi ni kazi ya idara na bodi ya kitivo. Baada ya Seneti, kila badiliko linahitaji kurudi kwenye Seneti yenyewe, na hicho kikao hakikai kila mwezi. Uliza leo kikao ni tarehe ngapi, barua yako itangulie. Wakati huohuo tafuta kwenye kanuni siku za mwisho za rufaa, ili njia ya kurekebisha rekodi ikikwama bado uwe na njia ya pili. Muda wa rufaa hutofautiana sana kati ya chuo na chuo, kwa hiyo usichukue tarehe ya rafiki yako wa chuo kingine. Ukifika huko, ujue rufaa hupokea mambo ya utaratibu: kurasa ambazo hazikusahihishwa, jumla iliyokosewa, mtihani uliovurugika. "Nilitegemea zaidi" haipokelewi, na kwenye vyuo vingine maksi zikisahihishwa upya zinaweza hata kushuka.

Tuje kwenye kundi.

Asilimia 61 peke yake si hukumu. Ule mfumo haupimi wizi, unapima maneno yanayofanana na maandishi mengine. Unahesabu hata orodha ya marejeo, maswali ya asainimenti mliyoyanakili juu, na ukurasa wa mbele, kama mwalimu hakuviondoa kwenye mpangilio. Na kuna mtego unaonasa makundi mengi: rasimu ikipakiwa mara ya kwanza na kuhifadhiwa, ya pili ikipakiwa inafanana na ya kwanza, asilimia inapaa mpaka mnaonekana mmejiibia wenyewe. Kwa hiyo ombeni ripoti kamili, ile yenye rangi, inayoonyesha kila chanzo na asilimia yake. Kama 61 imetokana na vipande thelathini vya asilimia mbili mbili, mna hoja. Kama chanzo kimoja kina 40, mtu amenakili, na ripoti itaonyesha ni sehemu ipi.

Hapo ndipo swali linakuwa nani aliandika sehemu hiyo. Kama mliandikia kwenye hati ya pamoja ya mtandaoni, historia ya matoleo inaonyesha nani aliingiza aya gani na saa ngapi. Ifungue sasa, ipige picha, kabla mwenye hati hajaifuta. Kama kila mtu alituma sehemu yake kwenye grupu, toa nakala ya mazungumzo yale pamoja na mafaili.

Lakini mdogo wetu, umeandika sentensi ambayo usiipeleke kwenye kamati kama kinga: "waliofanya kweli ni watatu". Maana yake majina sita yaliwekwa juu ya kazi ambayo wenyewe hawakuifanya, na nyie watatu mlijua. Ukiisema kama lalamiko, umekiri kosa la pili. Isemwe kama ukweli, na mkubali sehemu yenu: mliacha majina yakae, mkasaini. Kinachoweza kukutenga na tuhuma ya kunakili ni ushahidi wa sehemu uliyoandika, si uvivu wa wenzio.

Tangazo la WhatsApp si mashtaka. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kama hicho. Kwa lugha ya kawaida: upewe tuhuma kwa maandishi, ujue ni kanuni ipi inayodaiwa kuvunjwa, upewe ripoti wanayoitegemea, upewe siku za kujiandaa, uitwe useme, na uamuzi uje kwa maandishi ukionyesha pa kukatia rufaa. Soma kwenye kanuni kama unaruhusiwa kwenda na mtu. Kama kuna mwakilishi wa serikali ya wanafunzi kwenye kamati, mtafute kabla ya kikao, si baada.

Barua yako ya pili kwa hiyo ni fupi mno. Inaomba mambo matatu: tuhuma kwa maandishi, nakala ya ripoti, na tarehe ya kusikilizwa. Usijitetee humo. Utetezi unaandikwa ukishaona ripoti. Adhabu kwenye kanuni huanzia kurudia kazi au sifuri ya kazi hiyo, na hupanda hadi kufutiwa somo, kusimamishwa, hata kudisko, yaani kuondolewa chuoni, kwa hiyo usiende mikono mitupu kwa kudhani ni kikao cha kuonywa tu. Na ratiba ya sapu (mitihani ya marudio) ichukue mapema, uanze kupitia madesa, yaani notisi, ya somo hilo. I isipofungwa kwa wakati, kwenye kanuni za vyuo vingi hugeuka kuwa kufeli.

Boom sasa. Kwa wanafunzi wanaoendelea, Bodi hutegemea matokeo yanayotumwa na chuo kabla ya kutoa fedha za mwaka unaofuata. Chuo hutuma kwa mafungu, na jina lenye I kwa kawaida haliendi na fungu la kwanza. Haimaanishi mkopo umefutwa. Inamaanisha jina lako litasubiri I ifungwe. Nenda kwa afisa mikopo wa chuo wiki hii na nakala za barua zako zenye muhuri, umwambie I yako ni ya nini na iko ofisi gani, ili fungu linalofuata likitengenezwa asikusahau. Maksi zikirekebishwa, rudi kwake siku hiyohiyo. Usidhani mifumo inaambiana. Jisajili mwaka wa tatu ndani ya muda hata kama pesa haijaingia, kwa sababu asiyesajiliwa hasaini kupokea fedha, na fedha isiyosainiwa ndani ya muda hurudishwa Bodi.

Kwa shilingi 10,000 kwa siku, boom la siku 60 ni laki sita. Usiipangie laki sita hiyo wiki ya kwanza ya muhula. Akiba ya kibanda cha miezi hii ya likizo iwe kodi ya chumba na chakula cha mwezi mmoja na nusu wa mwanzo.

Ngazi zote za chuo zikikwama kabisa, nje kuna Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo haisahihishi mitihani lakini hupokea malalamiko kwamba chuo hakifuati taratibu zake, na kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa ofisi za umma zinazokataa kujibu watu. Mahakama Kuu nayo hupitia jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi, na huko unahitaji wakili. Kwa sifuri ya test hatutegemei ufike huko. Kwa kesi ya kamati, tunza karatasi zako kana kwamba utafika.

Kesho asubuhi, kabla ya barua yoyote, ingia kwenye mfumo utazame kama lile somo la nne lilithibitishwa kwenye usajili wako wa muhula. Kama halikuthibitishwa, barua ya kwanza inabadilika kichwa cha habari: utaomba kwanza usajili wa somo urekebishwe, ndipo maksi zipate mahali pa kuingia.